Taya linapolia: Kisahani kidogo kinachobeba kila tonge

Na MWANDISHI WETU

UKIBAHATIKA kufika Merti, mji mdogo ulio kando ya mto Ewaso Nyiro katika kaunti ya Isiolo, pitia kwenye kibanda cha nyama asubuhi na mapema. Mwombe mwenye kibanda akutolee taya la chini la kichwa cha mbuzi pole pole, kwa kisu, bila kulipiga shoka. Pale taya linapokutana na fuvu, mbele kidogo tu ya sikio, utaona kitu cheupe kinachong'aa, chembamba, kinachoteleza vidoleni kama kipande cha ngozi kilicholowa maji. Ni kitu ambacho hakuna anayekiagiza, wala anayekiulizia bei.

Kitu hicho, msomaji, kimo pia kichwani mwako. Unavyo viwili, kimoja kulia na kimoja kushoto. Kila unapokula, unapozungumza, unapopiga miayo au kumkaripia mtoto, vyote viwili huteleza mbele na nyuma. Watu wengi huishi na kufa bila kujua kwamba vipo. Wengine huvijua siku vinapoharibika, na kwa baadhi yao siku hiyo huwa imechelewa.

Jaribu hivi sasa ukiwa umeketi na gazeti lako. Weka vidole vya shahada mbele ya masikio yako mawili, kisha ufungue kinywa taratibu na kukifunga. Utahisi mifupa ikizunguka na kusogea chini ya vidole. Je, umesikia mlio wa "ta"? Je, taya limekwenda upande kabla ya kunyooka? Usiwe na wasiwasi kwanza. Soma hadi mwisho.

Jino lisilo na kosa

Chukua mfano wa mama mmoja mwenye umri wa miaka 30 hivi, mkazi wa Merti, mwenye watoto na mifugo. Anaamka asubuhi taya likiwa limechoka kana kwamba alikesha akitafuna. Kichwa kinamgonga upande mmoja. Sikio linauma, lakini halitoki usaha wala halina homa. Anapokula nyama ngumu, taya linalia "ta", na siku nyingine linakataa kufunguka zaidi ya upana wa vidole viwili.

Atafanya nini? Kwanza atatia sikioni mafuta ya moto. Maumivu yasipokoma, atanunua dawa za sikio dukani. Yakiendelea, atasema ni jino la mwisho. Na kwa kuwa maumivu yako kule kule nyuma, si ajabu jino zima, lisilo na kosa lolote, likang'olewa. Baada ya wiki moja maumivu yanarudi, ilhali jino halirudi.

Mfano huu si wa Merti peke yake. Ungeweza kuwa wa Kayole, wa Kisauni au wa Kondele. Maumivu ya kiungo cha taya yana tabia ya kujificha: huonekana kama ya sikio, kama ya jino, au kama kuumwa kichwa. Ndiyo sababu kila familia ingefaa kukijua kiungo hiki, hata kama haina daktari jirani. Tofauti ni kwamba mama wa Kayole anaweza kupanda matatu hadi Hospitali Kuu ya Kenyatta na kurudi nyumbani jioni. Yule wa Merti ana safari ndefu ya barabara ya vumbi hadi mjini Isiolo, na mvua ikinyesha huenda asifike siku hiyo.

Kisahani chenyewe

Kiungo cha taya kina sehemu kuu tatu. Chini kuna kichwa cha mfupa wa taya, ambacho ni kama ncha ya kidole gumba iliyolala. Juu kuna kishimo katika fuvu ambamo kichwa hicho hukaa, na mbele ya kishimo hicho kuna kilima kidogo cha mfupa. Katikati ya mifupa hiyo miwili ndipo penye kile kisahani cheupe ulichokiona kwa mbuzi.

Kisahani hiki hakikujaa sawa sawa. Kina ukingo mnene mbele, ukingo mnene zaidi nyuma, na katikati ni chembamba, kiasi cha milimita moja tu. Ukikikata upande, ni kama tandiko la farasi: kichwa cha taya kinakaa pale kwenye bonde la katikati. Umbo hilo ndilo linalokifanya kisichomoke kwa urahisi.

Kimetengenezwa kwa nyuzi ngumu za protini iitwayo kolajeni, jamii ya zile zinazotengeneza kano. Nyuzi za kingo huzunguka kama mshipi, nazo za katikati huenda kutoka mbele hadi nyuma. Kati ya nyuzi kuna chembechembe hai chache, na sehemu kubwa ya uzito wake ni maji. Unapotafuna, maji hayo husukumwa na kubeba mzigo pamoja na nyuzi, kama sifongo iliyofumwa kwa kamba.

Aidha, kisahani hugawa kiungo kuwa vyumba viwili, na kila chumba kina ute wake. Chumba cha chini ni cha kuzunguka: unapoanza kufungua kinywa, kichwa cha taya huzunguka mahali pale pale kama bawaba ya mlango. Chumba cha juu ni cha kuteleza: unapoendelea kufungua, kichwa pamoja na kisahani chake huteleza mbele hadi kwenye kile kilima. Ni viungo vichache mwilini vinavyofanya kazi hizo mbili kwa pamoja. Isitoshe, kiungo cha kulia hakiwezi kwenda bila cha kushoto, maana mfupa wa taya ni mmoja. Ni kama ng'ombe wawili waliofungwa nira moja. Mmoja akichechemea, wote wawili hupotoka.

Ukitaka kuona kazi hiyo kwa ukubwa, mtazame ngamia anapocheua. Taya lake la chini halipandi na kushuka tu, bali huenda upande hadi upande likisaga. Binadamu naye husaga kwa upande, ingawa kwa kiasi kidogo. Chui hawezi: viungo vya taya lake vimebanwa vifunge na kufungua tu, kwa sababu yeye hukata nyama na kumeza. Sisi tumepewa taya la kukata na la kusaga pia, na gharama ya kupewa yote mawili ni kiungo chenye utata.

Jambo moja zaidi, na hili ndilo la kukumbuka. Sehemu ya katikati ya kisahani haina mshipa wa damu wala wa fahamu. Haina mshipa wa fahamu, kwa hivyo yaweza kubanwa kila siku bila kuuma. Haina mshipa wa damu, kwa hivyo ikichanika haiponi kama kidonda cha mkononi. Chakula chake huletwa na ute wa kiungo, nao ute hutembea taya linapotembea. Nyuma ya kisahani, kinyume chake, kuna nyama laini iliyojaa damu na mishipa ya fahamu. Kisahani kikiteleza mbele, kichwa cha taya huikanyaga nyama hiyo, na hapo ndipo maumivu yanapoanza.

Kinavyochakaa

Uchakavu haufanyiki kwa siku moja. Hufuata hatua, ingawa si kila mtu huzipitia zote.

Hatua ya kwanza ni mzigo wa muda mrefu. Kutafuna si tatizo. Taya liliumbwa kutafuna. Tatizo ni kubana meno kwa muda mrefu bila kupumzika. Hapo maji ya kisahani hukamuliwa nje, ute hushindwa kulainisha, na kisahani huanza kukwaruza badala ya kuteleza. Wengi hubana au kusaga meno wakiwa usingizini, na hujulishwa na wake au waume zao. Wengine hubana mchana wakiwa na mawazo: ada ya shule, ukame, mtihani, deni. Kikulacho ki nguoni mwako.

Hatua ya pili ni kulegea kwa kano zinazokishikilia kisahani juu ya kichwa cha taya. Pigo la kidevuni, ajali ya bodaboda, au kupanua kinywa kupita kiasi kwa muda mrefu huweza kuzinyoosha ghafla. Kisahani sasa huteleza mbele. Unapofungua kinywa, kichwa cha taya hurukia juu ya ukingo wa nyuma na kukaa tena mahali pake. Kuruka huko ndiko kunakotoa ule mlio wa "ta".

Hatua ya tatu ni kukwama. Siku moja mlio unatoweka, na mtu anadhani amepona. Lakini kinywa nacho hakifunguki. Kisahani kimekaa mbele kama kigingi mlangoni, na kichwa cha taya hakiwezi tena kukiruka. Mtu mzima wa kawaida hufungua kinywa milimita 40 au zaidi, yaani upana wa vidole vyake vitatu vikiwa vimesimamishwa kati ya meno ya mbele. Aliyekwama huenda asifikie hata viwili.

Hatua ya nne ni ya mifupa yenyewe. Kisahani huwa kimekunjamana, kimekuwa kinene au kimetoboka. Mfupa unasaga mfupa, na mlio sasa si "ta" bali ni kama kutembea juu ya changarawe. Huu ni ugonjwa wa baridi yabisi ya uchakavu, ule ule unaowapata wazee magotini.

Baada ya kusoma hayo, msomaji ambaye taya lake lilimlilia hapo juu ameanza kuogopa. Asiogope. Watafiti walipowapiga picha kwa mashine ya MRI watu wasio na maumivu yoyote, waligundua kwamba karibu theluthi moja yao walikuwa na kisahani kilichohama mahali pake. Walikuwa wakila na kucheka bila habari. Mlio peke yake, usio na maumivu wala kukwama, hauhitaji matibabu.

Kwa nini basi mmoja aumwe na mwingine asiumwe? Jibu moja ni kwamba mwili hujikarabati kwa njia yake. Ile nyama laini ya nyuma, ikikanyagwa kidogo kidogo kwa muda, huweza kukauka na kukomaa ikawa ngumu kama kisahani kipya. Haiwi nzuri kama kile cha kwanza, lakini hufanya kazi. Ndiyo sababu wengi waliokwama hupata nafuu baada ya miezi kadhaa bila kisu. Jibu jingine ni la jinsia: wanawake walio kati ya miaka 20 na 40 ndio huonekana zaidi katika kliniki za maumivu haya kote duniani, na wataalamu bado wanabishana kuhusu sababu.

Miraa, ubani na nyirinyiri

Isiolo ni lango la kaskazini, na nyuma yake tu ni Meru, kwenye mashamba ya miraa ya Igembe. Magari yanayopandisha mizigo kuelekea kaskazini hupandisha na mafurushi ya majani hayo. Vijana huketi kivulini kuanzia alasiri, shavu moja limevimba, wakitafuna hadi usiku.

Hebu tulitazame jambo hili kwa jicho la kisahani. Mlo wa kawaida humalizika kwa nusu saa. Kikao cha miraa huenda saa nne, tano, sita, na mara nyingi kwa upande mmoja tu. Kiungo cha upande huo hakipati nafasi ya kunyonya ute wake tena. Isitoshe, miraa ni kichangamsho, na vichangamsho huweza kuwafanya watu wabane meno hata baada ya kutema. Kule Yemen, ambako majani hayo huitwa gat, madaktari wa meno wameandika juu ya maumivu ya viungo vya taya miongoni mwa watafunaji kwa miaka mingi.

Vivyo hivyo ubani unaotafunwa kama chingamu, hasa na kina mama na wasichana. Kutafuna kidogo baada ya chakula hakuna ubaya. Kutafuna kutwa nzima ni kazi ya ziada kwa kiungo ambacho tayari kina kazi. Nayo nyama kavu ya nyirinyiri, fahari ya jikoni za kaskazini, ni tamu na hudumu bila friji, lakini kwa mwenye taya linalouma ni adui mpaka apone.

Hatusemi kwamba kila anayetafuna miraa ataharibikiwa taya. La hasha. Tunasema kwamba mwenye maumivu na aliyeambiwa apumzishe taya hawezi kupona huku shavu limejaa.

Kukwama kunakotisha

Kuna kukwama kwa namna mbalimbali, na kuzitofautisha kwaweza kuokoa maisha.

Kwanza, kinywa kubaki wazi. Mtu anapiga miayo au anacheka sana, na ghafla hawezi kufunga. Mate yanamtoka, maneno hayaeleweki, na jamaa wanapiga yowe kwamba amepagawa. Hajapagawa. Kichwa cha taya kimevuka kile kilima na kukwama mbele yake. Hippocrates, tabibu wa Uyunani wa kale, alieleza jinsi ya kulirudisha zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na njia ya leo ni jamii ya ile ile. Mhudumu wa afya huzungushia vidole gumba vyake kitambaa, akaviweka juu ya magego ya chini, akasukuma chini kisha nyuma. Mpeleke mgonjwa kituo cha afya mara moja, maana misuli ikishakaza kazi huwa ngumu. Usijaribu wewe mwenyewe, na wala usimpige kofi. Meno hujifunga ghafla taya linaporudi, na vidole vya mtu vimewahi kuumia hivyo.

Pili, kinywa kisichofunguka kwa sababu ya kisahani. Hiki huuma na kuudhi, lakini hakiui.

Tatu, kinywa kisichofunguka kwa sababu ya pepopunda. Hiki huua. Ikiwa mtu alichomwa na mwiba au msumari, au alijikata siku au wiki chache zilizopita, na sasa taya linakaza, shingo na mgongo vinakakamaa, na kumeza kumekuwa kugumu, usifikirie kisahani. Kimbiza mgonjwa hospitali. Kwa wafugaji wanaotembea msituni na kina mama wanaojifungulia nyumbani, chanjo ya pepopunda ni kinga isiyofaa kukosekana.

Nne, maumivu ya taya yanayokuja pamoja na kubanwa kifua, jasho jembamba na kukatika pumzi. Hayo huenda ni ya moyo. Nayo pia hayangoji kesho.

Mtoto aliyeanguka kwa kidevu

Kwa mzazi, sehemu hii ndiyo nzito kuliko zote. Mtoto anaanguka kutoka juu ya punda, au kutoka mtini, na kutua kwa kidevu. Kidevu kinapasuka kidogo, kinafungwa kitambaa, na siku mbili baadaye anacheza. Lakini nguvu ya pigo lile ilipanda hadi kwenye viungo viwili mbele ya masikio. Huenda kichwa cha taya kilivunjika, kisahani kikachanika, na damu ikajaa ndani ya kiungo.

Kwa mtoto, mfupa hukua haraka. Pasipo kisahani cha kutenganisha, mfupa wa taya na ule wa fuvu huweza kushikana na kuwa kitu kimoja. Kila mwezi kinywa hufunguka kidogo zaidi kuliko hapo awali, mpaka mtoto hawezi kupitisha kijiko. Kwa kuwa kiungo hicho ni moja ya sehemu ambamo taya hukulia, kidevu hudumaa na uso hupinda. Hali hii huweza pia kufuatia maambukizi mabaya ya sikio yaliyoachwa bila dawa.

Huponywa kwa upasuaji mkubwa, ukifuatwa na miezi mingi ya mazoezi. Kinga yake ni nafuu zaidi. Mtoto akianguka kwa kidevu, apelekwe akaonwe, hata kama jeraha ni dogo. Akishaonwa, na daktari akiruhusu, taya lisiachwe limelala. Litembezwe kila siku kama atakavyoelekeza. Na kila mwezi mzazi apime: vidole vitatu vya mtoto mwenyewe vinaingia? Vikipungua, arudi kwa daktari bila kungoja.

Ukarabati wa nyumbani

Sasa tuje kwenye habari njema. Wagonjwa walio wengi hupata nafuu bila kisu, na matibabu ya mwanzo hayahitaji mashine yoyote.

Lipumzishe taya kwa wiki kadhaa. Kula vilaini: uji, maziwa ya ngamia, wali uliolowa mchuzi, anjera iliyochovywa, nyama iliyochemshwa hadi ikasambaratika au kusagwa. Kata tonge dogo. Weka kando miraa, ubani, chingamu na mifupa ya kuguguna.

Kanda kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya moto yasiyounguza, dakika 15 au 20, mara mbili au tatu kwa siku. Dawa za kawaida za kutuliza maumivu husaidia, ila mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo au mja mzito aulize kwanza.

Jifunze mkao wa taya. Midomo imefungwa, meno hayagusani, ulimi umetulia kwenye kaakaa nyuma ya meno ya mbele. Meno ya juu na ya chini hayana kazi ya kugusana isipokuwa wakati wa kula na kumeza. Kila unapochukua simu, au kila unaposikia adhana au kengele ya shule, jiulize: meno yangu yanagusana?

Fanya mazoezi. Ulimi ukiwa kwenye kaakaa, fungua kinywa pole pole bila kuuachia ulimi, kisha funga. Mara sita, na urudie mara kadhaa kwa siku. Ukitaka kupiga miayo, tegemeza kidevu kwa ngumi.

Anayesaga meno usiku huweza kutengenezewa na daktari wa meno kinga ya plastiki ya kuvaa usingizini. Kinga hiyo hairudishi kisahani mahali pake. Hugawa mzigo na kuyalinda meno. Jihadhari na anayetaka kukuchonga au kukung'oa meno mazima ili kutibu kiungo. Hatua kama hiyo haiwezi kugeuzwa.

Sindano, kisu na maabara

Wachache ambao hawapati nafuu baada ya miezi kadhaa huenda mbele zaidi. Historia ya safari hiyo ina mafunzo.

Mwaka 1887 daktari mpasuaji Thomas Annandale wa Edinburgh, Scotland, aliandika jinsi alivyofungua kiungo cha taya, akakivuta kisahani kilichohama na kukishona mahali pake. Kwa zaidi ya karne moja baada yake madaktari wengi waliamini kwamba kisahani kilichohama lazima kirudishwe.

Mwaka 1991 Dorrit Nitzan na wenzake walieleza njia iliyo rahisi mno. Wanachoma sindano mbili katika chumba cha juu cha kiungo, wanapitisha maji ya chumvi yaliyo safi yakaingia kwa moja na kutoka kwa nyingine, kisha wanalifungua taya. Wagonjwa wengi waliokwama walifungua kinywa tena. La kushangaza ni kwamba kisahani kilibaki kule kule mbele! Hapo ikaonekana kwamba mara nyingi kosa si mahali kisahani kilipo, bali ni ule ute uliochafuka na kunata. Siku hizi huko duniani hutumika pia kamera nyembamba zinazoingizwa ndani ya kiungo, na upasuaji wa kukishona au kukiondoa kisahani umebaki kwa wachache.

Fundisho la uchungu lilitoka Marekani. Katika miaka ya 1980 wagonjwa wengi huko walitolewa visahani vyao na kuwekewa vya bandia vilivyochanganywa na Teflon, ile ile ya vikaango. Vilionekana kama muujiza. Lakini taya husaga, na vipande vidogo vidogo vikaanza kumeguka. Mwili ulipojaribu kuvila vipande hivyo, ulikula na mfupa pia. Kwa baadhi ya wagonjwa uharibifu ulifika kwenye mfupa wa fuvu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ya nchi hiyo iliingilia kati na vikaondolewa. Haraka haraka haina baraka.

Leo watafiti wanajaribu kuotesha kisahani badala ya kukichonga. Mwaka 2018 kundi la watafiti wa California lilieleza jinsi lilivyochukua chembechembe za gegedu la mbavu, likazikuza katika maabara hadi zikawa kipande cha nyama ngumu, na kukipandikiza katika visahani vilivyochakaa vya nguruwe wadogo. Visahani vilijazia na kupona vizuri kuliko vile vilivyoachwa. Ni hatua kubwa, ila kati ya banda la nguruwe na wodi ya binadamu kuna miaka ya majaribio. Asikudanganye mtu kwamba anauza dawa ya kuotesha kisahani.

Kutoka Merti hadi meza ya daktari

Hebu turudi kwa yule mama wetu. Safari yake ianzie kwenye hospitali ya Merti pale pale, ambako sikio na meno yake yanaweza kuchunguzwa kwanza. Aende na maelezo kamili: maumivu yalianza lini, taya linalia au limekwama, vidole vingapi vinaingia, anatafuna nini, anasaga meno usiku au la. Maelezo hayo hayagharimu kitu, nayo yana thamani kuliko picha nyingi. Kama mhudumu anataka kung'oa jino, aulize kwa heshima: jino hili limeoza wapi, na ukiligonga linauma? Mgonjwa ana haki ya kujibiwa.

Ikiwa wiki sita za kupumzisha taya hazikuleta nafuu, au kinywa kinazidi kufunga, aombe barua ya kwenda hospitali ya rufaa mjini Isiolo, na kutoka huko kwa wapasuaji wa kinywa na taya, ambao wengi wao wako Nairobi. Kabla ya kuuza mbuzi kwa ajili ya nauli, aulize pia bima ya SHA, iliyochukua mahali pa NHIF mnamo Oktoba 2024, italipia huduma ipi.

Nasi tulio mijini tusijione salama. Mwanafunzi anayebana meno usiku wa kuamkia mtihani, karani anayeguguna kalamu kutwa na dereva anayetafuna miraa ili asisinzie wote wana visahani vile vile viwili, vya unene ule ule wa milimita moja.

Kwa hivyo, leo jioni mtakapoketi mezani kama familia, fanyeni jambo moja kabla ya kuanza kula. Kila mmoja apime vidole vyake vitatu, kuanzia babu hadi kitinda mimba. Mtacheka, maana hakuna anayependeza akiwa na vidole kinywani. Lakini ikiwa kuna mmoja ambaye vya kwake haviingii, hasa kama ni mtoto, mtakuwa mmelijua jambo hilo wakati ambapo bado linaweza kurekebishwa.